Canter 4D33 inapiga tik-tik-tik tangu ishuke Kitonga. Mafundi watatu, majibu matatu

Mzee wa Matenga
Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Siku zote mimi ni msomaji tu humu, leo yamenifika.

Nina Canter, injini 4D33, ile ya pampu ya kawaida isiyo na mambo ya kompyuta. Inabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar. Jumanne iliyopita kijana wangu alipakia matenga 80, akaanza kuteremka Kitonga kama saa nne usiku. Gia ya pili, breki ya ekzosti muda wote, maana mbele yake kulikuwa na semi ya makontena inatambaa kama kinyonga. Walipofika Ruaha Mbuyuni wakasimama kunywa chai. Kuwasha tena, tik-tik-tik-tik. Akanipigia, nikamwambia asogeze simu kwenye injini. Ilikuwa kama mtu anagonga kizibo cha soda juu ya meza ya bati.

Nyanya hazingoji mtu, nikamwambia aende pole pole. Alifika, akashusha, akarudi tupu. Ndipo safari ya mafundi ikaanza.

Wa kwanza kasikiliza sekunde kumi, kasema tapeti, yaani nafasi za valvu. Kaset, kachukua 25,000 yake. Sauti ipo.

Wa pili kasema nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Zimetolewa zote nne zikapelekwa kwa fundi pampu, ncha zimebadilishwa. Hapo ilinitoka 210,000. Sauti ipo.

Wa tatu ndiye aliyenitisha. Injini ikiwa inawaka, alilegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna tofauti. Alipolegeza ya nne sauti ikapotea kabisa. Akafuta mikono, akaniambia: "Mzee, hiyo ni beringi ya konrodi namba nne. Ukiendelea kutembea itatoboa bloki." Anataka injini ishushwe, krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na konrodi, mikono ya pistoni) ikachongwe. Ufundi peke yake 900,000, vipuri juu yangu. Nimepiga hesabu, sitoki chini ya milioni mbili na nusu.

Taa ya oili haiwaki, joto halipandi, moshi ni ule ule. Klipu ya sauti nimeiweka. Nishushe injini au nisubiri?

Kijana wa Tunduma
Jumapili, saa 2:31 usiku

Mzee shikamoo. Ushauri wangu mfupi: ipige rangi, iuze kabla haijanoki.

Oili Nzito
Jumapili, saa 2:44 usiku

Mwaga oili yote, weka 40 ile nzito na kopo moja la dawa ya injini. Sauti itakufa. Nimefanya kwenye Fuso yangu mwaka jana, mpaka leo inatembea.

Dada wa Tipa
Jumapili, saa 3:05 usiku

Mzee usimsikilize huyo wa oili nzito. Nina tipa mbili za mchanga. Moja ilianza hivi hivi, nikaambiwa weka oili nzito, nikaweka, sauti ikapungua kweli. Nikafurahi wiki mbili. Siku ya siku dereva yuko mlimani na mzigo, kasikia mlio mmoja tu kama bomu, kushuka chini anaona konrodi imechungulia nje ya bloki, oili imemwagika mpaka kwenye tairi. Kilichopona ni starta tu.

Sauti ikizibwa mdomo haina maana ugonjwa umepona. Paki gari kwanza.

Bisibisi Ndefu
Jumapili, saa 3:40 usiku

Mzee wa Matenga, habari yako. Nimekaa gereji miaka mingi, sasa macho yamechoka, nabaki kusikiliza tu. Kabla hujashusha injini nijibu haya, na ujibu kama ulivyoona, usinipe maoni ya fundi.

Sauti ni kubwa asubuhi ikiwa baridi, au ni kubwa ikishapata moto? Ukipiga resi bila mzigo inafanyaje, na ikiwa na mzigo mlimani inafanyaje? Gari lina uzito mlimani, yaani linakosa nguvu? Kama upo, ulianza siku ile ya Kitonga au baadaye? Na je, kijana wako amewahi kulalamika juu ya kitu kingine chochote, hata kama wewe ulikiona ni upuuzi?

Dada wa Tipa yuko sahihi kwenye jambo moja, gari lisimame mpaka tujue. Lakini yule fundi wa tatu amefanya kipimo kizuri akatoa hukumu ya haraka. Nitaeleza ukinijibu.

Mzee wa Matenga
Jumapili, saa 4:15 usiku

Bisibisi Ndefu, nimempigia kijana simu sasa hivi ili nisiseme uongo.

Asubuhi ndiyo inalia zaidi. Ikishatembea kilomita kama kumi inafifia, ila haiishi. Ukikanyaga mafuta mlimani inarudi kwa nguvu. Uzito upo, na sasa umenifanya nikumbuke: siku ya Kitonga haukuwepo. Umeanza baada ya fundi wa kwanza kuset tapeti.

Malalamiko mengine, eti anasema moshi unamwingia puani akiwa anapanda mlima na dirisha liko wazi. Alishaniambia mara mbili, nikadhani anatafuta sababu ya kuomba mapumziko.

Roka Namba Tatu
Jumapili, saa 4:38 usiku

Mi naona ni tapeti tu, fundi wa kwanza kaset vibaya. Hesabu mapigo. Sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta, ikiwa mizunguko 600 kwa dakika, kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka nusu yake, 300. Kwa hiyo tapeti moja mbovu itagonga mara 5 kwa sekunde. Kitu kinachozunguka na krankshafti, kama flaiwili (lile gurudumu zito la injini) iliyolegea, kitagonga mara 10 kwa sekunde. Nimesikiliza klipu uliyoweka, ni mara 5. Hiyo ni kamshafti, maana yake tapeti au pushrodi imepinda. Kesi imekwisha.

Bisibisi Ndefu
Jumapili, saa 5:02 usiku

Roka, hesabu yako ni safi na kijana wa gereji anatakiwa aijue kichwani. Lakini kesi haijaisha. Silinda moja inachoma mafuta mara moja kila mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo chochote kinachotokea pale silinda inapochoma, nacho kitakuwa mara 5 kwa sekunde. Nozeli inayogonga ni mara 5. Washa ya shaba (ile ringi bapa ya kuziba) inayovuja chini ya nozeli, mara 5. Ekzosti inayovuja kwenye mdomo wa silinda moja, mara 5. Hata beringi ya konrodi, kishindo chake kikubwa ni pale mlipuko unapoisukuma pistoni chini. Kuhesabu kumetuondolea flaiwili, basi.

Sasa kile kipimo cha fundi wa tatu. Ukilegeza nati ya bomba, dizeli inamwagika nje, silinda ile haichomi. Sauti ikipotea, umejua kitu kimoja tu: sauti inategemea mlipuko wa silinda namba nne. Tapeti iliyolegea isingenyamaza, maana kamshafti inaendelea kuzunguka iwe silinda inachoma au haichomi. Kwa hiyo tapeti inatoka. Lakini waliobaki kwenye benchi la washtakiwa ni watano: nozeli, beringi, pistoni yenye nafasi, washa ya nozeli na ekzosti. Wote hawa wananyamaza au wanapungua ukikata mafuta. Ekzosti inayovuja itavuja nini kama hakuna moto uliolipuka ndani? Fundi wako aliwakamata watu watano chumba kimoja, akamfunga aliye ghali kuliko wote.

Mimi nasikia harufu ya ekzosti tangu hapa nilipo. Baridi inalia, moto inafifia. Chuma kikipata joto kinatanuka, kinaziba upenyo. Beringi kawaida ni kinyume: oili ikiwa baridi ni nzito, inamkinga, ikipata moto inakuwa nyepesi, kishindo kinakua. Halafu kuna huo moshi wa kijana wako, ambao ungeusikiliza ungebaki na laki mbili zako mfukoni.

Makanika wa Mariakani
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Salamu kutoka Kenya. Wazee, nimeona hii kitu mara nyingi hapa kwa malori ya Mombasa Road. Breki ya ekzosti inafunga njia ya moshi, presha inajaa kwa manifoldi, ile bomba inakusanya moshi ya silinda zote. Kama gasketi ya kuziba hapo ilikuwa imeshaanza kuchoka, ama studi (chuma chenye nyuzi kinachoifunga) imekatika, ile presha inamaliza kazi. Sauti kuanza baada ya mteremko mrefu haiko hapo bure.

Naomba kuongeza onyo moja kwa wale watasoma huu uzi na wana magari mapya. Hiyo ya kulegeza nati ya bomba ni ya injini za pampu ya zamani peke yake. Hapo nozeli inafunguka kwa presha ya karibu baa 200, na bado ukiweka kidole mbele ya nozeli inayopuliza dizeli itaingia ndani ya ngozi na utaenda hospitali ukimbizwe. Kwa komoni reli (mfumo wa dizeli unaoongozwa na kompyuta) kama 4HK1 ya Isuzu inaweza kupita baa 1,000. Usiguse spana kwa hayo mabomba injini ikiwaka. Huko silinda inakatwa na mashine ya kompyuta.

Dada wa Tipa
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Bisibisi Ndefu nakuheshimu, lakini huyu mzee akikuamini na ikawa ni beringi, injini ni yake si yako. Kuna njia ya kujua bila kushusha?

Bisibisi Ndefu
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Dada, swali lako ndilo fundi wa tatu alitakiwa ajiulize. Ipo.

Mzee, beringi ikianza kuliwa inaacha ushahidi kwenye oili. Fungua filta ya oili, usiitupe. Kata kopo lake pembeni kwa mkasi wa bati au patasi, usitumie msumeno maana utajaza unga wa msumeno ndani halafu utajitisha mwenyewe. Toa karatasi, ikamue, ifungue mikunjo yake juu ya gazeti, itoe juani. Unatafuta vitu vinavyometameta kama unga wa vipodozi vya dada zetu, rangi ya fedha au ya shaba. Sumaku haitakuambia kitu kuhusu beringi, kwa sababu ule uso wa beringi unaoliwa si chuma cha kushikwa na sumaku. Sumaku itashika vipande vya kamshafti, gia au ringi. Kwa hiyo tumia vyote, macho na sumaku.

Filta ikiwa safi, tunaendelea na ekzosti kesho asubuhi kabla injini haijawashwa. Narudia, KABLA haijawashwa. Hicho ndicho kipimo chenyewe. Ukishaipasha moto umejinyima jibu.

Oili Nzito
Jumatatu, saa 2:00 asubuhi

Mnamsumbua mzee wa watu. Kopo la dawa halifiki hata 20,000.

Kijana wa Tunduma
Jumatatu, saa 2:03 asubuhi

Oili Nzito una duka la hizo dawa nini

Mzee wa Matenga
Jumatatu, saa 11:50 jioni

Nimerudi. Nimekata filta pale nyumbani, mke wangu ananiuliza nachinja nini. Karatasi nimeikunjua yote, urefu wake ulinishangaza. Nyeusi tii, masizi ya kawaida ya dizeli. Nimeipeleka juani, nimeigeuza kila upande, nimevaa na miwani. Hakuna kinachometa. Sumaku imeshika vitu viwili vidogo mno, kama chembe za chumvi.

Hizo chembe mbili zisinipe presha?

Bisibisi Ndefu
Jumatatu, saa 12:30 jioni

Chembe mbili kwa injini iliyokula nyanya zote hizo ni baraka. Lala usingizi.

Kesho alfajiri, fanya hivi. Inua kichwa cha gari, weka kile chuma cha kukizuia mahali pake na uhakikishe kimekaa. Nimeona mtu kavunjwa mgongo na kichwa cha Canter kilichoshikiliwa na matumaini. Tafuta bomba la mpira kama mita moja, lile la kumwagilia maua linafaa. Ncha moja sikioni, ncha nyingine unaitembeza kwenye maungio ya manifoldi na hedi (sehemu ya juu ya injini), silinda moja moja. Kaa mbali na feni na mikanda. Mtu mwingine awashe.

Halafu kuna la pili. Utingo akunje gunia lililolowa maji, avae glavu, alibane kwenye mdomo wa bomba la ekzosti kule nyuma kwa sekunde tatu nne, aachie. Asizibe mpaka injini izime. Kama kuna mahali panavuja, moshi uliokosa njia utatokea hapo na sauti itabadilika. Kama ni beringi, gunia halitamwambia kitu.

Na kwa kuwa nozeli zilitolewa juzi, angalia kwenye mashimo yake kama kuna weusi mpya, majimaji meusi kama lami. Muulize fundi kama aliweka washa mpya za shaba au alirudisha za zamani.

Mzee wa Matenga
Jumanne, saa 1:25 asubuhi

WAKUU!!!

Naandika mikono ina masizi. Nisubirini.

Kijana wa Tunduma
Jumanne, saa 1:27 asubuhi

Mzee huo si uungwana, leta habari.

Mzee wa Matenga
Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Tulikuwa pale saa kumi na mbili kasoro, mimi, kijana na utingo. Baridi ya Iringa mnaijua. Nikaweka mpira sikioni. Kijana kawasha. Silinda ya kwanza, nasikia mngurumo wa kawaida. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu kuna kitu kwa mbali. Kufika ya nne nusura niutupe mpira, ilikuwa kama mtu ananichapa kofi la sikio kila pigo. TAP! TAP! TAP!

Nikampa ishara utingo abane gunia. Ile tik-tik ikageuka ikawa chaf-chaf-chaf, na nyuma ya silinda ya nne, pale manifoldi inapoishia, pakatoka moshi mweusi kwa vipigo, kama mzee anavuta kiko. Akaachia, ikarudi tik-tik. Akabana, moshi. Tulirudia mara tatu kwa raha tu.

Nimemulika na tochi ya simu. Studi ya mwisho haina nati. Imekatika sawasawa na hedi, na pembeni yake kuna mchirizi wa masizi mweusi mpaka kwenye bloki. Ulikuwepo siku zote hizo. Umefichwa na lile bati la kukinga joto, hakuna fundi aliyelifungua.

Kijana hajasema kitu. Kaniangalia tu, kisha kaenda kunawa.

Roka Namba Tatu
Jumanne, saa 2:25 asubuhi

Nimenyoosha mikono. Mara 5 kwa sekunde ilikuwa ekzosti. Nimejifunza.

Dada wa Tipa
Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Alhamdulillah. Mzee, milioni mbili na nusu umeiokoa kwa mpira wa maua. Na huyo kijana muongeze posho.

Makanika wa Mariakani
Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Studi ya mwisho, kama kawaida. Manifoldi ni ndefu, inatanuka na kujikunja kila siku, na zile za mwisho ndizo zinavutwa zaidi. Sasa sikiza, usiweke gasketi mpya pekee. Toa manifoldi yote, weka rula ya chuma kwenye uso wake, pitisha fila geji (vile vipande vyembamba vya kupimia upenyo) chini. Kama imepinda na uifunge hivyo, utakata studi mpya kabla ya mwezi kuisha. Ipeleke kwa fundi wa leidhi aisawazishe uso.

Ile studi iliyobaki ndani, usikimbilie drili. Drili ikienda kombo umeharibu hedi.

Bisibisi Ndefu
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Nakubaliana na jirani yetu kila neno. Hedi ya 4D33 ni chuma cha kusubu, inavumilia moto. Mpulizie kutu dawa ya kulegeza usiku kucha, kesho fundi wa kuchomelea aweke nati juu ya kile kisiki, achomelee ndani ya tundu la nati. Joto la kuchomelea lenyewe linalegeza kutu. Mwache apoe kidogo, kisha spana, unamzungusha nusu mbele nusu nyuma. Nati ikikatika rudia. Mimi niliwahi kurudia mara saba, ya saba akatoka kama hakuwahi kukataa.

Bado kuna deni la tapeti. Uzito ulianza baada ya kuset, na hilo halihusiani na ekzosti. Set upya injini ikiwa imepoa kabisa, 0.40 milimita, valvu za inteki (kuingiza hewa) na ekzosti zote. Ninavyohisi, fundi wa kwanza aliposikia tik-tik haikatiki aliendelea kukaza mpaka akazibana. Tapeti iliyolegea kidogo inapiga kelele tu. Iliyobana inaacha valvu wazi, valvu haikai kwenye kiti chake, haipoi, inaungua.

Kama hujawahi kuset mwenyewe: zungusha injini kwa spana mpaka alama ya pulii ikae sawa na roka (mikono inayobonyeza valvu) za silinda ya NNE ziwe zinapokezana, moja inamaliza kupanda nyingine inaanza kushuka. Hapo silinda ya kwanza iko juu kwenye kompresheni. Set zote mbili za kwanza, inteki ya pili, ekzosti ya tatu. Zungusha mzunguko mmoja kamili, set zilizobaki: ekzosti ya pili, inteki ya tatu, na zote mbili za nne. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta noti iliyolaliwa na kitabu.

Oili Nzito
Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Sawa, hii ilikuwa ekzosti. Lakini Fuso yangu bado inatembea.

Dada wa Tipa
Jumanne, saa 4:22 asubuhi

Kata filta yako utuletee picha.

Mzee wa Matenga
Ijumaa, saa 3:00 usiku

Mrejesho, wakuu.

Kisiki kilitoka nati ya tatu. Ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, fundi akaanza kuangalia saa. Ya tatu ikatoa mlio mdogo, "kik", nikajua amekubali. Studi zote nimebadilisha, si hiyo moja tu. Manifoldi ilikuwa imepinda, upande wa nyuma fila geji ya 0.50 ilipita bila kugusa. Imesawazishwa uso kwenye leidhi. Gasketi ya zamani kwenye mdomo wa silinda ya nne ilikuwa imeliwa, ina pengo la upana wa kidole kidogo, kingo zake nyeupe kama majivu.

Hesabu: gasketi na studi 48,000, leidhi 30,000, kuchomelea na kutoa kisiki 25,000, fundi wa kufunga 40,000. Jumla 143,000. Ukijumlisha na 235,000 nilizotupa mwanzo inauma, lakini si kama milioni mbili na nusu.

Tapeti nimeset mwenyewe na kijana akizungusha. Bisibisi Ndefu, ulipiga ramli gani? Ekzosti ya nne fila geji ya 0.20 iliingia kwa shida. Ekzosti ya tatu 0.25. Zote sasa ni 0.40. Washa za nozeli zilikuwa mpya na hakuna weusi, kwa hilo fundi wa pili simlaumu.

Jana usiku imeshuka Kitonga na matenga 75. Nilikuwa ndani. Breki ya ekzosti ilifanya kazi yake, injini inanguruma kama Canter, hakuna tik. Kwenye mizani ya Vigwaza kijana alizima, akawasha tena, tukakaa kimya wote wawili tukisikiliza kama tunangoja matokeo ya mtihani. Kimya. Posho nimeongeza.

Bisibisi Ndefu
Ijumaa, saa 3:35 usiku

Safi sana. Bado kazi moja. Gasketi mpya inakaa ikishapata moto na kupoa mara kadhaa, na nati zinaachia. Injini ikiwa imepoa, pitisha spana kwenye nati zote za manifoldi, anzia katikati ukielekea pembeni, bila kulazimisha. Fanya kabla ya safari inayofuata.

Mwanafunzi wa VETA
Jumamosi, saa 2:15 asubuhi

Shikamooni. Nimefuatilia uzi wote. Naomba kuuliza: kama ingekuwa altaneta au vakyumu pampu iliyoungana nayo, mngejuaje?

Makanika wa Mariakani
Jumamosi, saa 2:50 asubuhi

Marahaba kijana. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Toa mkanda, washa, sikiza. Sauti ikipotea, iko kwa vitu vinavyozungushwa na mkanda. Dakika moja tu halafu uzime, sababu pampu ya maji pia haizunguki. Na gari liwe limepaki mahali tambarare na magurudumu yamezuiwa, maana bila vakyumu kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe.

Mzee wa Matenga
Jumapili, saa 1:40 asubuhi

Bisibisi Ndefu, nimepita na spana asubuhi hii. Nati mbili zimekubali karibu robo mzunguko. Moja ni ile ya nyuma kabisa.

Gari linapakia Ilula.